Kufundisha Utambuzi wa Magugu: Mimea Miwili ya Majani Matatu

Mwanachuo aendapo kwenye mazoezi ya kufundisha, huenda akayakuta katika bustani ya shule, au kwenye ukoka mbele ya ofisi, magugu mafupi ambayo kila jani lake limegawanyika vijani vitatu, na ambayo watoto huyatafuna kwa ajili ya uchachu wake. Wataalamu wa mimea huyaweka katika jenasi ya Oxalis. Iliyo ya kawaida kwetu Afrika Mashariki ni mimea miwili, na mwalimu asipowafundisha wanafunzi kuitofautisha, palizi yao yaweza kuyaongeza magugu badala ya kuyapunguza.

Wa kwanza, Oxalis corniculata, una maua madogo ya manjano. Shina lake hutambaa, na vifundo vyake vigusapo udongo hutoa mizizi. Tunda husimama wima mfano wa bamia changa. Likikomaa, hupasuka na kurusha mbegu mbali. Mmea huu hung'olewa kabla matunda hayajakomaa, shina likifuatwa kifundo kwa kifundo. Fyekeo haliudhuru sana, kwani hulala chini ya makali.

Wa pili, Oxalis latifolia, asili yake ni Amerika ya joto. Maua yake ni ya rangi ya waridi au zambarau, na vijani vyake ni vipana zaidi. Hauna shina juu ya ardhi: vikonyo huchomoza moja kwa moja kutoka katika kitunguu kilichofukiwa udongoni. Hapa ndipo penye shida. Mmea huu huenea kwa vitunguu vichanga vinavyokizunguka kile cha zamani, navyo jembe huvitawanya bustani nzima. Mtoto aliyepewa palizi kuwa adhabu (desturi nisiyoipenda, maana huifanya kazi ya mikono ichukiwe) huvuta kwa haraka. Vikonyo hukatika, kitunguu hubaki.

Jambo hili lisielezwe ubaoni kwanza. Wanafunzi wachimbue mmea mmoja pamoja na bonge lake la udongo, waulowanishe katika ndoo ya maji, wauoshe taratibu, kisha wahesabu vitunguu wenyewe. Baadaye wapime vipande viwili vya bustani, kila kimoja mita moja mraba. Kimoja kilimwe kwa jembe kama kawaida. Katika cha pili udongo uinuliwe kwa uma wa bustani, vitunguu viokotwe, na kila jani jipya likatwe kila wiki ili akiba ya chakula iliyomo kitunguuni iishe. Mimea ihesabiwe kila Ijumaa na kuandikwa katika jedwali. Zoezi hili huchukua muhula mzima, hivyo mwanachuo amkabidhi mwalimu wa darasa jedwali hilo aondokapo.

Vitunguu vilivyookotwa visitupwe katika shimo la mboji, vichomwe moto. Majembe nayo yasafishwe udongo kabla ya kuhamia tuta jingine.