Je, Agizo la Bei ya Chini Likubaliwe?

Mwenye mkahawa anapoombwa kupikia kundi kubwa kwa bei ya chini, mara nyingi hugawanya gharama zake zote kwa idadi ya sahani, akalinganisha jawabu na bei anayopewa, kisha akaamua. Njia hiyo huonekana kuwa ya busara, lakini huweza kumpotosha. Swali linalofaa ni hili: ni kitu gani kitakachobadilika iwapo agizo litakubaliwa?

Ichukuliwe kwa mfano kwamba mkahawa fulani una uwezo wa kupika sahani 300 za pilau kwa siku, nao huuza sahani 180 kwa shilingi 5,000 kila moja. Mchele, nyama, viungo, mafuta na mkaa hugharimu shilingi 2,800 kwa sahani. Hizi ni gharama zinazobadilika, kwani hupanda na kushuka pamoja na idadi ya sahani. Kodi ya jengo na mishahara ni shilingi 216,000 kwa siku, hata pasipopikwa chochote. Hizo ni gharama zisizobadilika. Zikigawanywa kwa sahani 180, kila sahani hubeba shilingi 1,200. Basi gharama kamili ya sahani ni shilingi 4,000.

Waandalizi wa semina wanataka sahani 100 kwa shilingi 3,500 kila moja, wapelekewe kwa gari la kukodi la shilingi 20,000. Kwa hesabu ya gharama kamili, kila sahani italeta hasara ya shilingi 500, hata kabla ya gari kulipiwa. Lakini kodi na mishahara haitaongezeka kwa sababu ya semina. Kinachoongezeka ni gharama ya chakula na ya gari tu. Kila sahani itabakiza 3,500 − 2,800 = 700, kiasi kiitwacho mchango. Hivyo:

700 × 100 − 20,000 = 50,000

Agizo litaongeza faida ya siku hiyo kwa shilingi 50,000, nalo lafaa kukubaliwa.

Hali hubadilika agizo likiwa la sahani 170. Nafasi iliyo wazi jikoni ni ya sahani 120 tu. Kwa hiyo wateja 50 wa kila siku watakosa chakula. Kila mmoja wao angeleta mchango wa 5,000 − 2,800 = 2,200. Mchango huo uliopotea nao ni gharama ya agizo:

700 × 170 − 20,000 − 2,200 × 50 = −11,000

Faida ya siku itapungua kwa shilingi 11,000. Agizo likataliwe, au bei yake ipandishwe.

Hata hivyo, punguzo lisigeuzwe kuwa desturi. Kama wateja wote watadai bei ya shilingi 3,500, mkahawa utauza sahani zote 300 na kupata mchango wa shilingi 210,000 tu, ilhali kodi na mishahara ni shilingi 216,000. Jiko litafanya kazi kutwa nzima, na bado mwenye mkahawa atashindwa kulipa madeni yake. Bei ya punguzo hufaa kwa nafasi ambayo ingebaki tupu. Haifai kuwa bei ya biashara nzima.

Zoezi: Kwa bei ya shilingi 3,500 na gharama ileile ya gari, tafuta idadi kubwa kabisa ya sahani za semina ambayo bado huongeza faida ya siku. (Jibu: 162.)