Leso, Kishikwambi na Ufundishaji wa Usanifu: Mfano wa Bofu, Likoni

Mwaka 2016 serikali ya Kenya ilianza kusambaza vishikwambi kwa wanafunzi wa darasa la kwanza katika shule za msingi za umma. Mwaka 2017 Mtaala wa Umilisi ukautaja ujuzi wa kidijitali miongoni mwa umilisi saba wa kimsingi. Kwa maoni yetu, kifaa kimetangulia na usanifu umebaki nyuma: mtoto hufunzwa kubonyeza kabla hajafunzwa kupanga.

Katika wadi ya Bofu, Likoni, kielelezo cha kupanga kimo nyumbani, nacho ni leso. Pindo huzunguka pande zote nne, mji hubeba pambo, na jina hukaa sehemu ya chini ya mji, ambapo sharti maneno yatoshe. Mwalimu na aanzie hapo. Wanafunzi wapime leso, wachore zao kwa penseli, ndipo wazihamishie kwenye kishikwambi, ambako pambo moja hunakiliwa na kugeuzwa bila kuchorwa upya. (Hata umeme ukikatika, hatua mbili za kwanza zaendelea.) Na jina likizidi nafasi, litafupishwaje bila kupoteza fumbo lake? Swali hilo lamhitaji mwalimu wa Kiswahili katika kipindi hicho hicho.