Kabla ya Kuiaga Berlin

Mwanafunzi au muuguzi wa Afrika Mashariki anayemaliza muda wake Berlin mara nyingi huanza maandalizi kwa kupima mabegi. Hapo keshachelewa. Mji huu haumwachii mtu mpaka makaratasi yaishe, na karatasi ya kwanza inatakiwa miezi mitatu kabla ya safari.

Hiyo ni barua ya kuvunja mkataba wa pango, Kündigung. Sheria inataka iwe kwenye karatasi na uitie saini kwa mkono. Barua pepe haitoshi, wala ujumbe wa WhatsApp, hata kama mwenye nyumba mmezoeana. Ikimfikia kufikia siku ya tatu ya kazi ya mwezi Machi, mkataba wa kawaida unakwisha mwishoni mwa Mei. Ikichelewa siku moja tu, kodi ya Juni utadaiwa ukiwa Mbeya. Itume kwa rejista na risiti uitunze.

Dhamana ya pango, Kaution, kisheria haizidi kodi ya miezi mitatu, gharama za maji na joto zikiwa kando. Usitarajie kuipokea siku ya kukabidhi funguo, kwani mwenye nyumba anaweza kuishikilia miezi kadhaa akikagua uharibifu na kungoja hesabu za huduma. Siku hiyo zungukeni chumba kwa chumba, andikeni hali ya kila kitu, nyote wawili mtie saini. Piga picha kuta, na mita pia, namba zikionekana. Akaunti ya benki iache wazi mpaka fedha ziingie. Kuidai dhamana ukiwa huna akaunti Ulaya ni usumbufu usio na sababu.

Kujiondoa kwenye daftari la wakazi, Abmeldung, huruhusiwa kuanzia wiki moja kabla ya kuhama hadi wiki mbili baada yake. Berlin hupokea fomu yake hata kwa posta, basi usihangaike kutafuta miadi. Unachokihitaji hasa ni cheti utakachorudishiwa, kwa kuwa ndicho utakachowaonyesha bima ya afya na wakusanyaji wa ada ya redio na televisheni. Ada hiyo, euro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba, hutozwa hata kwa asiye na televisheni, na haikomi yenyewe eti kwa kuwa umepanda ndege.

Vitu visivyobebeka usiviache kando ya njia na kikaratasi cha "chukua bure". Utawaona wengi wakifanya hivyo, lakini mji hauruhusu na faini ipo. Wape wanaofika. Mihula ya vyuo vikuu huanza Oktoba na Aprili, na kijana aliyetoka Mombasa jana atashukuru koti zito kuliko ushauri wako.

Kazini, anayeondoka ndiye anayewakaribisha wenzake, kwa hiyo usikae ukingoja kuandaliwa. Keki inatosha. Ukipeleka maandazi, watakuulizia hata ukishaondoka.

Ukibakiwa na siku ya kutembea, nenda Makumbusho ya Historia Asilia ukaone mifupa ya dinosaria wa Tendaguru, Lindi, iliyochimbwa kati ya 1909 na 1913 kwa jasho la vibarua wa kusini mwa Tanzania ya leo. Mmoja amesimamishwa kwa urefu wa zaidi ya meta 13. Kisha fika Wedding, ambako sehemu ya barabara iliyokuwa Petersallee inaitwa Maji-Maji-Allee, kwa kumbukumbu ya Vita vya Maji Maji, tangu 2024, na Neukölln, ambako mtaa uliobeba jina la gavana wa kikoloni Wissmann ulipewa la mwanasiasa wa Tanzania Lucy Lameck mwaka 2021. Aliyeishi Berlin miaka mizima bila kufika huko ana deni.

Kwa mwenye nia ya kurudi: kibali cha ukaazi kwa kawaida hupotea ukikaa nje zaidi ya miezi sita, na ukihama moja kwa moja hupotea mapema zaidi. Zungumza na ofisi ya wageni kabla ya kusafiri.

Na kama ulikatwa pensheni kwa muda usiofika miezi 60, raia wa Tanzania au Kenya anayeishi nje ya Umoja wa Ulaya anaweza kudai arudishiwe makato yake, miezi 24 baada ya kutoka kwenye mfumo. Sehemu ya mwajiri hairudi. Namba yako ya bima ya pensheni iandike mahali pawili, kwa sababu ndiyo utakayoulizwa kwanza.