ASIYE NA UPANDE HUINGIAJE VITANI? FUNZO LA MAREKANI, 1914–1917

Wahenga walisema fahali wawili wapiganapo ziumiazo ni nyasi. Methali hii twaijua sote tangu shule ya msingi. Lakini je, umewahi kujiuliza habari ya fahali wa tatu? Yule aliyekuwa kando akila majani yake, mara ukigeuka unamwona naye yumo ndani akipigana! Huyo ndiye nitakayemzungumzia leo.

Wacha nianze nyumbani. Katika ploti tunamoishi, familia mbili ziligombana kwa sababu ya mfereji wa maji. Mama yangu huuza mboga nje ya lango, na alisema wazi kwamba yeye hana upande. Lakini jirani wa mlango wa kwanza alikuwa akinunua kwake kila siku, tena kwa mkopo, jina lake limejaa katika daftari. Yule wa mlango wa tano alinuna, akaacha kununua. Jioni moja akaja akapiga teke meza, nyanya zikatapakaa barabarani. Basi Mama naye akawa mgomvi wa tatu, na kesi ikafika kwa mzee wa mtaa. Mimi nilimlaumu aliyepiga teke peke yake. Baadaye niliposoma jinsi Marekani ilivyoingia katika Vita vya Kwanza vya Dunia, nikaanza kulifikiria upya lile daftari.

MAREKANI YASEMA HAIMO

Vita vilianza Ulaya mwishoni mwa Julai 1914. Upande mmoja ulikuwa na Uingereza, Ufaransa na Urusi, na upande wa pili Ujerumani na Austria-Hungaria. Tarehe 4 Agosti 1914 Rais Woodrow Wilson alitangaza kwamba Marekani haitaegemea upande wowote. Baadaye mwezi huo akawasihi raia wake wasipendelee hata mioyoni mwao. Alikuwa na sababu nzuri. Nchini mwake mlikuwa na mamilioni ya watu wenye asili ya Uingereza, wengine ya Ujerumani, na wengine ya Ayalandi ambao hawakuipenda Uingereza hata kidogo. Kuchagua upande kungeligawanya taifa lake mwenyewe. Tena bahari kubwa ya Atlantiki ilikuwa katikati. Vita vya watu vitawafikiaje?

SABABU ZILIZOIVUTA NDANI

Kwanza, biashara. Sheria za wakati huo ziliiruhusu nchi isiyo na upande kumuuzia yeyote. Lakini manowari za Uingereza zilikuwa zimeziba njia za bahari kwenda Ujerumani. Kwa hivyo ngano, pamba, chuma na risasi za Marekani zikaenda kwa wingi upande mmoja tu. Mdomo ulisema "hatumo", lakini mizigo ilikuwa na mahali inapokwenda.

Pili, mikopo. Mwanzoni waziri wa mambo ya nje, William Jennings Bryan, alipinga benki za Marekani kuzikopesha nchi zinazopigana. Aliona kwamba pesa zina nguvu ya kuvuta vitu vingine vyote. Haikuchukua muda mlango ukafunguka. Mwezi Oktoba 1915 benki zikiongozwa na J. P. Morgan zilizikopesha Uingereza na Ufaransa dola milioni 500. Kufikia 1917 mikopo ya upande huo ilikuwa imepita dola bilioni 2, hali Ujerumani ilipata kidogo sana. Sasa jiulize, mtu akiwa na deni lako kubwa hivyo, utatamani ashindwe?

Tatu, nyambizi za Ujerumani. Wajerumani nao walikuwa wakibanwa kwa njaa, wakaamua kuzamisha meli zinazompelekea adui chakula na silaha. Tarehe 7 Mei 1915 nyambizi iliizamisha meli ya abiria ya Uingereza, Lusitania, karibu na pwani ya Ayalandi. Watu 1,198 walikufa, na 128 kati yao walikuwa Wamarekani. Ni kweli meli hiyo ilikuwa imebeba risasi pia, lakini watoto waliozama hawakuwa askari. Bryan alitaka Wamarekani wakatazwe kusafiri kwa meli za nchi zinazopigana. Hakusikizwa, na Juni 1915 akajiuzulu. Mwezi Mei 1916, baada ya meli nyingine, Sussex, kushambuliwa, Ujerumani iliahidi kutozamisha meli za biashara bila kuonya kwanza. Wilson akachaguliwa tena Novemba 1916, wafuasi wake wakimsifu kwamba amewaepusha na vita.

Ahadi hiyo haikudumu. Wakubwa wa Ujerumani walipiga hesabu wakaona kwamba Uingereza inaweza kushindwa kwa miezi michache, kabla Marekani haijafika. Kuanzia tarehe 1 Februari 1917 nyambizi zikarudi kuzamisha meli bila onyo, za Marekani zikiwemo. Hesabu ya mkaidi hiyo!

Nne, telegramu ya siri. Mwezi Januari 1917 waziri wa Ujerumani, Arthur Zimmermann, alipeleka ujumbe wa kuishawishi Meksiko. Vita vikizuka kati ya Ujerumani na Marekani, Meksiko iungane na Ujerumani, nayo itasaidiwa kurudisha Texas, New Mexico na Arizona. Waingereza waliinasa telegramu hiyo wakaifumbua. Ilipotokea magazetini tarehe 1 Machi 1917, hata wale waliosema vita viko mbali waliona vimebisha hodi mlangoni.

KURA YA VITA

Tarehe 2 Aprili 1917 Wilson alisimama mbele ya Bunge akaomba vita vitangazwe. Seneti ilikubali kwa kura 82 dhidi ya 6, na Baraza la Wawakilishi kwa kura 373 dhidi ya 50. Kati ya wale 50 alikuwamo Jeannette Rankin, mwanamke wa kwanza kabisa kuchaguliwa katika Bunge hilo. Tarehe 6 Aprili Marekani ikawa vitani. Kufikia mwisho wa vita, tarehe 11 Novemba 1918, Wamarekani zaidi ya 116,000 walikuwa wamekufa.

TUJIFUNZE NINI?

Wengine husema Marekani iliingizwa na nyambizi, na wengine husema iliingizwa na matajiri. Mimi naona wote wana nusu ya ukweli. Nyambizi ndizo zilizopiga teke meza, na aliyezamisha watu wasio na silaha hana udhuru. Lakini mikopo na mizigo ndiyo iliyoiweka meza mahali pale. Taifa haliachi kutoegemea upande siku ya kupiga kura. Huacha kidogo kidogo, kila siku, kwa mambo ambayo kila moja likitazamwa peke yake ni halali.

Je, Marekani ingefunga biashara yote? Swali hili nilimwuliza Mama, si la Marekani bali la daftari lake. Alinitazama akasema, "Mwanangu, ningewanyima wote mkopo, wewe ungelipa karo na nini?" Sikuwa na jibu. Nikafahamu kwamba kutoegemea upande si kunyamaza tu. Kuna gharama, na wengi wetu tukiambiwa gharama yenyewe twashindwa.

Hata hivyo, Marekani angalau ilipiga kura. Babu zetu hapa Afrika Mashariki hawakuulizwa. Waingereza na Wajerumani walipopigana huku, maelfu kwa maelfu ya watu walichukuliwa kuwa wapagazi, na makumi ya maelfu wakafa, wengi kwa maradhi. Jina la Kariokor jijini Nairobi, na Kariakoo kule Dar es Salaam, latokana na kikosi hicho cha wapagazi. Ukipita hapo, kumbuka kwamba wako waliobeba mizigo ya vita ambavyo hata nafasi ya kusema "simo" hawakupewa.

Kwa hivyo wenzangu, siku utakaposema "mimi simo", iwe ni ugomvi wa darasani au wa mataifa, kwanza tazama mikono yako inafanya nini.

MASWALI YA MARUDIO

1. Eleza jinsi Uingereza ilivyoifanya biashara ya Marekani iende upande mmoja.
2. Kwa nini Bryan alijiuzulu? Je, wewe ungefanya vivyo hivyo?
3. Kati ya sababu nne zilizotajwa, ipi ingeweza kuzuiwa na Wamarekani wenyewe? Toa hoja zako.