Operesheni za Kupunguza Uzito: Swali la Mama Mdogo wa Mikumi

Likizo iliyopita nilikuwa Mikumi kwa mama mdogo. Anauza chakula kando ya barabara kuu, na wateja wake wengi ni madereva wa malori ya Zambia. Usiku mmoja tunaosha sufuria akaniuliza, "Mwanangu, wewe si unasomea ualimu wa baiolojia? Hizi operesheni za unene za kule Mloganzila, ni ya aina moja au zipo nyingi?"

Nikajibu kwa kujiamini kwamba wanakata tumbo, basi.

"Wanakata wapi?"

Hapo nikakwama. Na wiki chache nyuma nilikuwa BTP Kilosa, nafundisha kidato cha pili mmeng'enyo wa chakula, mchoro nimeuchora ubaoni kwa mkono wangu mwenyewe! Nikaenda kusoma. Haya ndiyo niliyomrudishia, na ameniruhusu kuyaandika ila jina lake nisilitaje.

Tuanze na hesabu. Chukua uzito kwa kilo, gawanya kwa urefu wa mita uliozidishwa wenyewe kwa wenyewe. Mama mdogo ana kilo 110 na urefu wa mita 1.60, kwa hiyo 110 gawanya kwa 2.56, unapata karibu 43. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 1991 ulitaka mtu afike 40, au 35 akiwa na ugonjwa unaoletwa na uzito. Mwaka 2022 vyama vya madaktari wa upasuaji huu vilishusha kiwango: 35 inatosha hata bila ugonjwa, na mwenye kisukari anaweza kufikiriwa kuanzia 30. Yeye ana 43, kisukari na magoti yanayouma. Kwa vipimo hivyo anaingia. Si suala la urembo, kama jirani mmoja alivyomwambia.

Lile puto linalozungumzwa sana mitaani siyo operesheni. Linapitishwa mdomoni, likifika tumboni linajazwa maji ili ushibe mapema, na baada ya miezi 6 au 12, kutegemea aina, linatolewa. Hakuna kinachokatwa. Mara nyingi mtu hupungua kama asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake, lakini likishatoka, njaa inarudi palepale ilipokuwa, na wengi kilo zinawarudia.

Kuna pia pete ya silikoni inayofungwa sehemu ya juu ya tumbo. Zamani ilipendwa sana Ulaya na Marekani. Siku hizi imepungua mno, kwa sababu ilikuwa inateleza au inakula ukuta wa tumbo, na watu wengi walirudi hospitali kuitoa.

Zinabaki mbili zinazofanyika zaidi duniani, na hapa ndipo tulipokaa na mama mdogo mpaka chai ikapoa. Zote hufanywa kwa nusu kaputi, kwa kawaida kupitia matundu madogo.

Ya kwanza ni kukata tumbo kwa urefu. Karibu asilimia 80 ya tumbo inaondolewa kabisa, kinachobaki ni bomba jembamba lenye umbo la ndizi. Utumbo haguswi mtu. Kumbe sehemu inayotolewa ndiyo inayotengeneza kwa wingi homoni ya njaa iitwayo ghrelini, ndiyo maana mtu hashibi tu haraka, hata hamu yenyewe inapungua. Ubaya wake: kilichokatwa hakirudishwi. Tena kiungulia kinaweza kuanza, au kuzidi kwa aliyekuwa nacho.

Ya pili ni mchepuko. Wanachuo wa sayansi mnisamehe, mimi nilimweleza hivi: malori yakichepushwa yasipite katikati ya mji, mji haujabomolewa, ila magari hayauoni. Daktari anatenga kifuko kidogo juu ya tumbo, kama yai la kuku, anakiunganisha na utumbo mwembamba kwa chini. Tumbo kubwa linabaki ndani, linaendelea kutoa majimaji yake yanayokutana na chakula mbele ya safari. Edward Mason wa Iowa, Marekani, ndiye aliyeanzisha upasuaji wa namna hii mwaka 1966, ingawa umebadilika sana tangu hapo. Wenye kisukari cha ukubwani wengi sukari yao inashuka ndani ya siku chache, kabla hata kilo hazijaondoka, na kiungulia nacho hutulia.

Upo mchepuko mkubwa zaidi unaoruka sehemu ndefu ya utumbo. Unapunguza kilo kuliko zote na unaleta utapiamlo kuliko zote. Tuliupita.

Kwa wastani, kukata tumbo kunaondoa kama asilimia 25 ya uzito, mchepuko kama 30. Kwa kilo 110 hiyo ni kilo 27 na kilo 33. Mama mdogo akasema, "Basi mchepuko." Kiukweli hata mimi ningejibu hivyo nisingekuwa nimesoma upande wa pili.

Mchepuko unaruka mahali ambapo madini ya chuma na kalsiamu hufyonzwa, na vitamini B12 nayo inakuwa shida. Kwa hiyo ni vidonge vya kuongeza lishe maisha yote, na damu kupimwa kila mwaka. (Aliyekatwa tumbo naye anavihitaji, ila mchepuko hausamehi.) Ukinywa soda au chai yenye sukari nyingi, unatoka jasho, moyo unakimbia, unaharisha. Na kuna jambo lililomshtua kuliko yote: dawa za maumivu kama diklofenaki hazitakiwi tena, zinaleta vidonda kwenye ile maungio. Yeye hununua diklofenaki duka la dawa karibu kila wiki kwa ajili ya magoti.

Kutoka Mikumi hadi Mloganzila ni karibu kilomita 300. Kwa maoni yangu swali lake siyo ipi inapunguza zaidi. Ni kama ataweza kusafiri kwenda kliniki miaka yote, kununua vidonge mwezi ambao biashara imelala, na kula vijiko vichache huku anapakulia wengine sahani zilizojaa. Kisukari na kiungulia vinamvuta kwenye mchepuko. Mfuko na diklofenaki vinamvuta upande mwingine.

Alinyamaza, halafu akaniambia nichukue daftari la madeni ya wateja, nifungue ukurasa wa nyuma.

"Andika. Moja, kiungulia changu nipimwe kwanza. Mbili, magoti nitameza nini. Tatu, hivyo vidonge kwa mwezi ni shilingi ngapi, na Mikumi vinapatikana?"

Nikaandika. Akaongeza la nne: asipofanya chochote, kisukari kitamfikisha wapi. Hilo sikuwa na jibu la kumpa. Mwezi ujao anapanda basi asubuhi, atashukia Kibamba, na mimi nitakuwa namsubiri kituoni.