Mbona kila siku nachelewa?

Saa kumi na moja na nusu alfajiri mama ameshakuamsha, na umeamka kweli, hukurudi kulala. Umeoga. Umeanza kuvaa, ukaona kipande cha gazeti kilichofungia maandazi ya jana, ukakisoma. Ukatafuta soksi ya pili. Ukakumbuka daftari la Baiolojia, ukaenda kulitafuta chini ya kitanda. Kila kitu kilikuchukua dakika mbili tatu tu, au ndivyo ulivyodhani. Kutazama saa, ni saa moja na robo! Wenzako wako mstarini na ticha wa zamu yuko getini na fimbo yake. "Wewe tena?"

Jioni ni yale yale. Zoezi la Hesabati linakusanywa kesho. Umekaa mezani tangu saa moja, daftari liko wazi, sasa ni saa tatu na hujaandika hata swali la kwanza. Hukuwa unacheza. Ulikuwa unawaza, unachorachora pembeni mwa ukurasa, unainuka kunywa maji. Nyumbani wanakuita mvivu, shuleni wanasema una kichwa kizuri ila hujitumi. Na wewe mwenyewe umeanza kuwaamini.

Rafiki, kabla hujajihukumu, soma kwanza.

Kuna hali inayoitwa ADHD, yaani upungufu wa umakini pamoja na kutotulia kupita kiasi. Haikuletwa na simu wala televisheni. Daktari mmoja Mwingereza, George Still, aliwaeleza wenzake jijini London habari za watoto wa namna hii mwaka 1902. Inakadiriwa kuwa duniani inawapata watoto kama 5 katika kila 100, kwa hiyo darasa la wanafunzi 60 linaweza kuwa na watatu. Mmoja mnamjua nyote: hakai kitini, anajibu kabla swali halijaisha. Mwingine, na mara nyingi ni msichana, amekaa kimya karibu na dirisha, mawazo yako mbali, na hakuna anayemshuku kwa sababu hasumbui mtu.

Inatokana na nini? Kwa sehemu kubwa ni ya kurithi. Haisababishwi na malezi mabaya, wala sukari, wala mashetani. Sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, hufanya kazi kama kiranja mkuu: huamua kipi kianze, kipi kisubiri, na lini tuache hiki tushike kile. Kwa mwenye ADHD kiranja huyu yupo, ila sauti yake ni ndogo. Ndiyo maana unatazama mpira dakika 90 bila kupepesa, halafu dakika 10 za Jiografia zinakushinda. Watu hulichukua hilo kuwa ushahidi dhidi yako: "Mbona kwenye mpira unatulia?" Jibu ni kwamba jambo linalosisimua papo hapo halimhitaji kiranja. Lenye faida mwezi ujao linamhitaji sana.

Na hapo ndipo saa inapokuwa adui. Wengi wenye ADHD hawausikii muda ukipita. Kwao kuna "sasa" na "siyo sasa", basi. Mtihani wa wiki tatu zijazo uko kwenye "siyo sasa" mpaka usiku wa kuamkia siku yenyewe. Sijawahi kuona fimbo iliyomfundisha mtu kusikia dakika zikipita.

Kinachosaidia ni kuutoa muda kichwani na kuuweka mahali unapouona. Anza kwa kupima. Kwa wiki moja, kabla ya kufanya jambo, andika unadhani litachukua dakika ngapi. Ukimaliza, andika zilizotumika kweli. Kuoga uliandika 5, kumbe 15. Kutembea hadi kituo cha daladala uliandika 10, kumbe 20. Usione aibu, hizo ndizo namba zako. Sasa hesabu kwa kurudi nyuma: kama lazima uwe getini saa moja kamili, na njiani unatumia dakika 40, kuvaa na kunywa chai 30, kuoga 15, basi kuamka saa kumi na moja na nusu kunakuachia dakika 5 tu za kutafuta soksi. Ama uamke mapema zaidi, ama soksi isitafutwe asubuhi.

Mimi nashauri soksi isitafutwe. Usiku kabla ya kulala panga sare, viatu, madaftari na nauli, uviweke vyote mlangoni. Asubuhi usimwamini mtu anayeitwa wewe.

Uwe na daftari moja dogo la mfukoni, siyo vikaratasi kumi. Ticha akisema kazi ikusanywe Alhamisi, andika pale pale. Usiseme utakumbuka. Hutakumbuka, tunajuana.

Kwenye msuli, usijiambie "leo nasoma Hesabati". Hilo ni kubwa mno, huna pa kulishikia. Sema: "Nikimaliza kuosha vyombo, nakaa mezani na kunakili swali la kwanza." Ukishanakili, mara nyingi la pili linakuja lenyewe. Soma dakika 15, pumzika 5, na saa ikulilie. Kama saa yenyewe ni simu ya maza, iweke upande wa pili wa chumba, maana ukiishika tu umepotea. Tena soma karibu na mshikaji anayesoma kweli. Hata kama hamwongei, kuwepo kwake kunakushikilia kitini.

Kazi za nyumbani nazo zina ujanja wake. Umebandika maharage na unataka kutoka jikoni kidogo? Toka na mwiko mkononi. Utakapojiuliza umeubebea nini, utakumbuka chungu.

Njia hizi huchoka. Wiki ya kwanza utafurahi, ya tatu daftari litapotea. Nunua jingine, badilisha rangi, badilisha mahali pa kusomea, uanze tena. Usifidie kwa kukesha na mirungi au vinywaji vya kuongeza nguvu: usingizi ukikosekana, umakini unazidi kuharibika.

Lakini tuwe waangalifu. Kila mtu huchelewa na kusahau. Daktari haiiti ADHD mpaka aone kwamba dalili zilianza kabla ya miaka 12, zimedumu miezi 6 au zaidi, zinajitokeza zaidi ya mahali pamoja, kwa mfano nyumbani na shuleni, na zinakwamisha maisha yako. Atataka pia kujua kama hulali vya kutosha, una upungufu wa damu, husikii au huoni vizuri, una aina ya kifafa kinachomfanya mtu aduwae sekunde chache, au umefiwa. Mambo hayo nayo huiba umakini. Dawa za ADHD zipo, kama methilifenideti iliyoanza kuuzwa miaka ya 1950, na huwasaidia wengi. Lakini huweza kupunguza hamu ya kula na usingizi, na kuongeza mapigo ya moyo, kwa hiyo hutolewa na kufuatiliwa na daktari. Usimeze vidonge vya mwenzako.

Anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, uombe rufaa ya hospitali yenye huduma ya afya ya akili. Kwa huduma hiyo huendi kwa sababu umerukwa na akili.

Nyumbani chagua wakati mzazi ametulia, siyo asubuhi ya kuchelewa. Mwonyeshe daftari lako la dakika. Unaweza kusema hivi: "Shikamoo mama. Nimejipima wiki nzima, na namba zangu ndizo hizi. Najitahidi lakini peke yangu siwezi. Naomba twende wote hospitali." Na kwa mwalimu wa darasa: "Mwalimu, naomba nikae mbele, mbali na dirisha, na kazi kubwa unigawie vipande viwili, kila kimoja na siku yake."