Cheti cha Uchambuzi wa Data: Namna ya Kujiunga na Kulipa kwa Hesabu

Duka, zahanati na mamlaka ya maji huandika kila siku: nani amenunua, nani ametibiwa, nani hajalipa bili. Kumbukumbu hizo ndizo data. Mchambuzi wa data huzisafisha, huzipanga, kisha humweleza mkubwa wa kazi zinaonyesha nini. Mafunzo ya kazi hiyo yako mengi. Hapa nitatumia cheti cha Google cha uchambuzi wa data, kilichoanza mwaka 2021 na kinachosomwa kwa intaneti kupitia jukwaa la Coursera. Nimekichagua kwa sababu hakina dirisha la udahili. Unaweza kujiunga leo usiku ukiwa nyumbani.

Je, una sifa? Huulizwi digrii wala uzoefu wa kazi. Hisabati ya kuanzia ni ile ya asilimia na wastani. Kikwazo kikubwa kwa wengi ni lugha, maana masomo yameandaliwa kwa Kiingereza na maswali yake ni ya kusoma kwa makini. Kila mtihani unataka upate angalau asilimia 80, ingawa ukikosa unaruhusiwa kurudia.

Simu inatosha? Kwa kutazama video, ndiyo, na unaweza kuzipakua mahali penye WiFi ili kuokoa bando. Kwa mazoezi, tafuta kompyuta, hata ya kuazima. Utatumia lahajedwali, yaani jedwali la safu mlalo na safu wima kama la Excel. SQL, ambayo ni lugha ya kuiuliza hifadhidata maswali. Tableau, ya kuchora chati. Na R, lugha ya kukokotoa takwimu. Matoleo ya bure yanatosha, kwa hiyo usinunue programu yoyote.

Sasa fedha. Kufungua akaunti ni bure: barua pepe na nywila basi. Kijana wa duka la steshenari akikutoza "ada ya usajili", mkatalie. Andika jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho cha taifa, kwa kuwa ndilo litakalochapwa kwenye cheti. Ada yenyewe hulipwa kwa mwezi, kama king'amuzi: utazame usitazame, mwezi unahesabika. Nchini Marekani ni dola 49 kwa mwezi. Kwako inaweza kutofautiana, basi soma kiasi kilichoandikwa kwenye ukurasa wa malipo kabla ya kukubali. Google wanakadiria miezi 6 kwa anayesoma chini ya saa 10 kwa wiki. Kwa bei hiyo ya Marekani ni dola 294. Ukimaliza kwa miezi 3, ni dola 147. Ndiyo maana nashauri ujizoeze lahajedwali mwenyewe mwezi mzima kabla hujalipa hata senti.

Malipo yanataka kadi ya benki inayokubali manunuzi ya mtandaoni. Asiye na kadi anaweza kutumia kadi ya kidijitali ya kampuni ya simu. Kenya, kwa mfano, kuna M-Pesa GlobalPay. Siku 7 za kwanza ni za majaribio bila malipo, lakini kadi huingizwa tangu mwanzo, na muda ukipita fedha hukatwa zenyewe. Weka kengele ya simu siku ya 6: uendelee au usitishe.

Na asiyemudu? Upo mpango wa nafuu ya ada. Fungua ukurasa wa kozi ya kwanza, si wa cheti kizima, utafute maandishi "Financial aid". Utaulizwa kipato chako, kwa nini unahitaji msaada, na kozi itakufaaje kikazi. Jibu kwa maneno yako mwenyewe, ukitaja hali yako halisi. Sifa za kuwapamba waandaaji hazikusaidii kitu. Jibu huchukua kama wiki mbili, na kila kozi huombewa peke yake. Kwa hiyo usingoje umalize ya kwanza ndipo uombe ya pili.

Nisikufiche: cheti peke yake hakimshtui mwajiri. Kinachomshawishi ni kazi ya kuonyesha, na sehemu ya mradi wa mwisho inakuruhusu kutumia data uliyoichagua mwenyewe. Wengi huchukua mfano uliotolewa, wa baiskeli za kukodi Chicago. Wewe chukua takwimu za bei au mavuno kutoka Ofisi ya Taifa ya Takwimu ya Tanzania, uchambue jambo ambalo mwajiri wa Mbeya au Mwanza analijua. Ukichora kwa Tableau Public, kumbuka kwamba kazi iliyowekwa huko inaonekana na watu wote. Majina na namba za simu za wateja wa ofisini kwako yasifike huko kabisa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, na Kenya ina yake tangu 2019.